Rimmer Asema Kifaransa, Kryten Asema Sanifu: Watazamaji wa Likasi mbele ya kichekesho cha Waingereza

Katika somo la tafsiri tulizoea kuambiwa kwamba kichekesho ndicho kitu kigumu kuliko vyote kuhamisha kutoka lugha moja hadi nyingine. Tukishaambiwa hivyo, tunafungua sura inayofuata. Makala haya yanarudi kwenye sura iliyorukwa. Nilichukua kichekesho kimoja cha kigeni, nikakipeleka kwenye lupango letu hapa Likasi, nikakitafsiri kwa mdomo mbele ya watu wa nyumbani na majirani, kisha nikasikiliza maoni yao. Nilichosikia kimenifanya nitilie shaka lugha hii ninayoandika sasa.

Kichekesho chenyewe ni Red Dwarf, mfululizo wa televisheni ya Uingereza. Ulianza tarehe 15 Februari 1988 kwenye BBC2, waandishi wakiwa Rob Grant na Doug Naylor. Baada ya mwaka 1999 ukanyamaza kwa miaka kumi, ukafufuka 2009 kwenye chaneli nyingine, na filamu yake ndefu, The Promised Land, ilitoka 2020. Ni hadithi ya kubuni ya kisayansi, ila sayansi yake isimtishe mtu. Red Dwarf ni jina la meli ya anga, kubwa kama mji, na ni meli ya kampuni ya kuchimba madini. Msomaji wa Likasi ameshaelewa kwa nini niliichagua.

Ndani ya meli hiyo, Dave Lister ni fundi wa daraja la mwisho kabisa. Kazi yake, pamoja na mkubwa wake Arnold Rimmer, ni kutengeneza mashine za kugawa supu ya kuku. Rimmer ni daraja moja tu juu ya Lister, lakini daraja hilo moja kwake ni kama kilele cha mlima. Amefanya mtihani wa kupanda cheo mara nyingi na kushindwa kila mara. Siku moja alijaza karatasi yote kwa sentensi moja, kwamba yeye ni samaki, kisha akazimia. Lister anaadhibiwa kwa kuficha paka melini: anafungiwa katika chumba ambamo wakati umesimama. Akiwa humo, Rimmer anafanya vibaya kazi ya kuziba bamba la mtambo, mnururisho unavuja na kuua kila mtu. Kompyuta ya meli, Holly, inamtoa Lister baada ya miaka milioni tatu. Amebaki yeye, kiumbe mmoja aliyetokana na kizazi cha yule paka, na Rimmer ambaye amekufa lakini kompyuta imemrudisha kama sura ya mwanga isiyoweza kushika kitu, na herufi H kwenye paji la uso. Kampuni haipo tena na wakubwa wote wamekufa, lakini Rimmer bado anadai saluti.

Kabla sijafika kwenye lupango, neno juu ya watazamaji wa kwao. Waingereza wanaoupenda mfululizo huu wana kesi zao za zamani. Kubwa ni ya mwaka 1997, msimu wa saba. Rob Grant alikuwa ameondoka, Chris Barrie anayeigiza Rimmer alionekana katika vipindi vichache tu, na kwa mara ya kwanza msimu ukapigwa picha bila watazamaji kuketi studioni. Kicheko kilirekodiwa baadaye, watu walipoonyeshwa kipindi kilichokwisha kutengenezwa. Wengi walisema ule haukuwa Red Dwarf waliyoijua. Ukiwauliza kwa nini, mmoja atasema picha zilikuwa kama za sinema, mwingine atasema kicheko hakikutoka mahali pake. Mimi naamini waliosema tu "Rimmer hayupo" ndio waliogusa jambo lenyewe. Bila Rimmer, Lister hana mtu wa kuwa chini yake, na mtu aliye huru kabisa hachekeshi sana.

Wamarekani walilijua jambo hilo kwa hasara. Mwaka 1992 walijaribu kutengeneza Red Dwarf ya kwao. Lister wao, aliyeigizwa na Craig Bierko, alikuwa mrefu, mzuri wa sura, mtu ambaye ungempa cheo bila kumuuliza. Jaribio halikupata kituo cha kulinunua. Lister wa Waingereza, yaani Craig Charles, anasema Kiingereza cha Liverpool, mji wa bandari, na Mwingereza akisikia sauti ile anajua mara moja huyu amezaliwa upande gani wa ukuta. Rimmer naye anajitahidi kusema kama ofisa. Nusu ya kichekesho iko hapo, katika masikio, kabla hata ya mzaha wenyewe kufika.

Hilo nililisoma vitabuni na nikadhani nimelielewa.

Jumapili ya kwanza niliweka kompyuta juu ya meza ndogo na spika kando yake. Walikuwapo baba mudogo, mama, jirani yetu mama mmoja anayeuza makala sokoni, vijana wanne watano, na watoto wasiohesabika. Mbabula ilikuwa inawaka upande mmoja na munkoyo ulikuwa kwenye ndoo. Nilikuwa nimetafsiri kipindi cha kwanza, The End, chote kwa Kiswahili sanifu, nikakipiga chapa na kukihakiki kwa kamusi. Nilisimamisha picha kila baada ya maneno machache na kusoma. Nilikuwa na fahari. "Afisa fundi wa daraja la pili," nilisoma, "anakuamuru uache kuvuta sigara."

Hakucheka mtu. Watoto waliondoka wa kwanza. Kila kicheko cha studio kiliposikika, mama aliniuliza, "Ni nani anacheka?" kana kwamba kuna mgeni asiye na adabu nyuma ya ukuta. Katikati ya kipindi umeme ulikatika, na naona aibu kusema kwamba nilishukuru.

Baba mudogo ndiye alibaki. Alifanya kazi kiwandani miaka ishirini na sita, na kampuni iliyomwandika sitaitaja kwa sababu makala haya si mahakama. Aliuliza swali moja: "Ile myaka yote milioni tatu, mushahara yake nani atalipa?" Nilimwambia hakuna wa kulipa, kampuni imekufa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za ndugu yake. Hapo ndipo nilipoona kwamba hadithi ilikuwa imefika. Kilichobaki njiani ni kicheko.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye jambo tunalolijua sote lakini hatuliingizi katika kazi zetu za kitivo. Katanga imekuwa na kichekesho chake cha muda mrefu cha televisheni: michezo ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi. Wazazi wetu walikua nayo. Wasomi wa Ulaya waliichukua kwa uzito mapema kuliko sisi: mwaka 1981 Walter Schicho, pamoja na Mbayabo Ndala, alitoa Vienna kitabu cha maandishi ya michezo hiyo, na mwaka 1990 Johannes Fabian alichapisha kitabu kizima juu ya mchezo mmoja tu, Le pouvoir se mange entier, alioufuatilia mwaka 1986 tangu mazoezi hadi ulipopigwa picha kijijini Kawama. Mchezo ule ulizaliwa kwa sababu Fabian, akiwa mgeni mezani, alipewa firigisi ya kuku na kuambiwa methali hiyo, kwamba mamlaka huliwa mazima. Aliwauliza waigizaji maana yake, nao wakamjibu kwa mchezo.

Jambo la kujifunza kwao ni hili: waigizaji wa Mufwankolo hawakukariri maandishi. Walikubaliana kisa na mpangilio wa matukio, kisha kila mmoja akasema kwa maneno yake, katika Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa, na Kifaransa kikiingia pale ambapo kingeingia mtaani. Mtafsiri wa kichekesho anaweza kufanya vivyo hivyo. Abebe kisa, na maneno ayaache yazaliwe hapohapo.

Nikamwita binamu yangu, anayejua kuiga watu. Nikamwambia: wewe ni Lister, sema unavyosema nyumbani. Mimi nikawa Rimmer. Na kwa kuwa sikujua Rimmer angesemaje kwa Kiswahili, nilianza kwa Kifaransa, Kifaransa cha barua na cha ubao wa matangazo. "Conformément au règlement," nikasema, na kabla sijamaliza, lupango lote lilikuwa linacheka. Binamu alijibu tu, "Chef, shiye tuko na njala," na jirani yetu akaangusha kikombe.

Wasomaji wa kitivo watambue kilichotokea. Kiingereza cha Liverpool dhidi ya Kiingereza cha ofisi ni umbali kati ya watu wawili wanaolala chumba kimoja. Kiswahili sanifu hakina umbali huo kwetu, kwa sababu hakuna mkubwa wa kazi wa Likasi aliyewahi kumkemea mtu kwa sanifu. Tangu enzi ya Union Minière, mji huu ukiitwa Jadotville, kazi ilikuwa na lugha ya kuamuru na lugha ya kuamriwa, na kati yao kapita, ambaye hakuwa mkubwa kwa wakubwa wala mwenzi kwa wenzake. Rimmer ni kapita aliyekufa. Baba mudogo alisema kwa njia fupi zaidi: "Uyu muntu tulikuwaka naye."

Kwa kipindi cha Queeg, cha mwishoni mwa 1988, sikuhitaji hata kueleza. Kompyuta mpya kali inachukua meli na kuamua kwamba anayetaka kula afanye kazi kwanza. Lister anasugua sakafu na kupata chakula kidogo mno. "Posho!" walisema wote kwa pamoja, wazee kwa vijana, ingawa vijana hawajawahi kupanga mstari wa posho. Mwishoni inajulikana kwamba Holly ndiye aliyekuwa anawatania, na anatoa fundisho la mzaha, kwamba wamthamini yeye waliye naye. Mama alifurahi sana. Tangu mwanzo alikuwa akilalamika, "Fundisho yake iko wapi?" Mtu aliyelelewa na michezo ya televisheni yetu anangoja mwishoni mlevi aadhibike, au mke mvumilivu apate haki yake. Katika Red Dwarf hakuna anayejifunza lolote, na msimu ujao wako vilevile. Mama aliuona huo kuwa upungufu wa kazi, na sina hakika kwamba amekosea. Lakini ni upungufu wa makusudi: kama Rimmer angejifunza, wangemaliza kipindi cha pili.

Ugomvi wa kweli ulikuja na Marooned, cha 1989. Lister na Rimmer wamekwama katika baridi kali, chakula kimekwisha, na ili kupata joto lazima wachome vitu. Lister anapenda gitaa lake kuliko kitu chochote. Anakata umbo la gitaa kutoka sanduku la thamani la Rimmer, analichoma hilo, na gitaa analificha. Rimmer, akidhani mwenzake amejitoa, anaguswa moyo hata anakubali askari wake wa kuchezea wachomwe. Jirani yetu wa makala alihukumu bila kusita: "Uyu eko mwizi." Vijana walimtetea Lister: mkubwa amemtesa miaka mingi, sanduku moja ni nini? Baba mudogo alisema wote wawili hawana kosa, kosa ni la aliyewapeleka pale bila chakula. Mjadala ulikwenda hadi bukari ikapoa. Sijaona mjadala kama huo darasani juu ya riwaya yoyote tuliyosomeshwa, na zipo nzuri.

Nilipowasilisha sehemu hii ya kazi, msomi mmoja mkubwa kuliko mimi alinipinga kwa hoja ambayo siwezi kuipuuza. Alisema: umempa fundi wa mwisho Kiswahili chetu na mkubwa ukampa Kifaransa, basi umerudia ukoloni kwa mzaha, na watoto waliokuwapo wamejifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya wenye njala. Nilikaa na hoja hiyo muda mrefu. Jibu langu ni la nusu tu. Katika Red Dwarf, kama katika Mufwankolo, mtazamaji husimama upande wa yule aliye chini. Lister ndiye binadamu wa mwisho, na lugha yake ndiyo iliyobaki ulimwenguni. Kifaransa cha Rimmer kilichekwa kwa sababu hakikuwa na nguvu tena, kikiamuru meli tupu. Lakini nakiri kwamba mtoto wa miaka sita hachambui hivyo. Anasikia nani anasema nini.

Na hoja ile ilinipata mahali pengine, ambapo mpinzani wangu hakupalenga.

Kuanzia msimu wa tatu yupo Kryten, mashine yenye umbo la mtu, iliyotengenezwa kuhudumu. Anafua na kupika, anaomba radhi hata kwa kosa lisilo lake. Nilijiuliza nimpe lugha gani. Kifaransa kilikuwa cha Rimmer na Kikatanga cha Lister. Nikampa kilichobaki mfukoni mwangu: Kiswahili sanifu, chenye upatanisho kamili wa ngeli. "Naomba uniwie radhi, bwana, chakula chako kiko tayari." Kicheko kilikuwa kikubwa kuliko cha siku ya Rimmer. "Anasema sawa Biblia!" alilia binamu yangu. Mtoto mmoja alianza kutembea mikono imekakamaa akisema "kiko tayari, kiko tayari," na hadi leo ananisalimia hivyo. Nilicheka pamoja nao, kisha usiku nikafungua daftari langu la kitivo na kusoma nilivyoandika mwaka mzima. Kila ukurasa ulikuwa wa Kryten.

Sisemi tuache sanifu. Bila hiyo msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa asingefika hata mstari huu. Nasema tu kwamba watazamaji wa Likasi waliipa mahali pake kwa sekunde tatu: lugha safi, yenye adabu, isiyo na mwili. Sisi wa kitivo tumekaa miaka tukiijadili Kikatanga kama upotofu wa sanifu, na hatujawahi kuuliza sanifu inasikikaje katika lupango. Maoni ya watazamaji ni data. Yachukuliwe kama tunavyochukua orodha ya vitenzi.

Kipindi cha mwisho tulichoonyesha ni The Last Day, nacho cha 1989. Ujumbe unafika kutoka kampuni iliyomtengeneza Kryten: muda wake umekwisha, mashine mpya inakuja, naye atazimika baada ya saa 24. Kryten hakasiriki. Ameumbwa kuamini kwamba kuna mbingu ya mashine, ambako waliotumika vizuri watapumzika. Lister ndiye anayekataa kwa niaba yake. Nilisoma shukrani za Kryten kwa sauti ya sanifu, kama kawaida, nikingoja kicheko. Watoto walianza, kisha wakaacha, kwa sababu baba mudogo alikuwa ameinama.

"Juu ya nini anashukuru?" aliuliza. "Banamufukuza, anashukuru."

Sikuwa na jibu. Barua aliyopewa yeye siku ile naijua, iko katika kabati la mama ndani ya mfuko wa plastiki. Imeandikwa kwa Kifaransa, na sentensi yake ya mwisho inamshukuru kwa utumishi mwema. Mama alisema tuzime. Baba mudogo akasema hapana, tuendelee, anataka kuona mashine mpya.

Mashine mpya inafika, kubwa, imeharibika akili kwa safari ndefu, na inawashinda wote. Kryten anaishinda kwa maneno tu: anaiambia kwamba mbingu ya mashine haipo. Ile mashine haiwezi kubeba habari hiyo, inazimika. Wenzake wanamuuliza yeye mwenyewe amewezaje kuendelea kusimama baada ya kujua hivyo. Anajibu kwamba alidanganya. Bila shaka mbingu ipo.

Nilisoma uongo wa Kryten kwa sanifu, sauti ileile. Baba mudogo aliinua mkono.

"Hapana, mwana. Apa umekosea. Bongo, bantu banasemaka na ya kwetu."

Binamu alirudisha picha nyuma. Baba mudogo alisogeza kiti karibu na kompyuta, akakohoa, na mara hii Kryten alisemeshwa na yeye.